NYUMBA YA ZAMANI YA LIKIZO HAPA BABATI KWA MWENYE PASIPOTI YA NJE: SOMA KABLA HUJATUMA HELA

Leo sina habari ya ajali wala ya kikao cha madiwani. Naweka darasa moja ambalo nimeulizwa mara nyingi mno, nikaona bora niliandike lote mahali pamoja, ili siku nyingine mtu akiuliza namwelekeza hapa tu.

Swali lenyewe ni hili. Mtu anaishi nje, kadunduliza vihela vyake kidogo kidogo, anataka nyumba ya zamani hapa Babati. Si ya biashara, ni ya kufikia tu akija likizo. Anunueje bila kulizwa?

Niseme mapema, mi siyo mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne. Ninayoyaandika nimeyapata kwa kusoma sheria zenyewe, kukaa kwenye mabenchi ya ofisi za ardhi na kupiga stori na mafundi. Ikifika siku ya kusaini, tafuta wakili.

KWA NINI BABATI

Kwa asiyeijua, Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kutoka Arusha mjini ni kama kilometa 170 hivi, lami tupu. Lami ya kwenda Dodoma kupitia Kondoa ilizinduliwa Aprili 2018, na ya Singida inaanzia hapa hapa. Ziwa Babati lenye viboko liko pembeni ya mji, Mlima Kwaraa unakutazama toka juu, Tarangire ni jirani, na ukienda upande wa Katesh unakutana na Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Hewa si ya joto la Dar. Kwa mtu aliyechoka na baridi ya Ulaya au vurugu za jiji, hapa panakaa vizuri.

Nyumba za zamani nazo zipo. Watoto wamehamia Arusha na Dodoma, wazee wamefariki, nyumba imebaki na mjukuu mmoja au imefungwa kufuli. Ndizo hizo dalali atakazokupigia simu.

SWALI LA KWANZA SIO BEI, NI WEWE NANI

Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati: 33, 66 au 99. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo jipange kwenye kundi lako:

1. Mtanzania unayeishi nje na bado una uraia wako. Huna tatizo. Uko sawasawa na jirani yangu wa Bagara. Hakikisha tu una namba ya NIDA, maana makaratasi ya ardhi siku hizi yanaidai.

2. Ulikuwa Mtanzania, ukachukua uraia wa nchi nyingine. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Siku uliyochukua uraia wa kule kwa hiari yako, wa huku ulikatika, hata kama pasipoti ya zamani bado iko kabatini. Kuendelea kuitumia ni kosa lingine tena.

3. Mgeni kabisa, hata kama umeoa au umeolewa hapa. Ndoa peke yake haikupi uraia wala ardhi.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Uingereza. Aliapa kiapo cha Malkia mwaka 2014 kwa sababu ya kazi. Mwaka jana wajomba walikaa kikao kutaka kuuza nyumba ya babu, matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mwembe uani. Dada akasema nainunua mimi, msiitoe nje ya ukoo. Kila mtu kafurahi. Halafu mtu mmoja akauliza hati itaandikwa jina la nani. Kikao kizima kimya. Yani mtu kazaliwa kwenye nyumba ile, kitovu chake kimezikwa pale, lakini mbele ya sheria ya ardhi yuko sawa na mtalii aliyeshuka jana KIA. Inauma, ila kuumia hakubadilishi kifungu cha 20.

"ANDIKA TU JINA LA MDOGO WANGU"

Hii ndiyo dawa ya mitaani, na kesi nyingi nilizosikia mabenchini zilianzia hapo. Unatuma hela, hati inaandikwa jina la ndugu au rafiki, mnaaminiana. Sasa fikiria haya:

- Kisheria nyumba ni yake. Anaweza kuiweka rehani benki, na benki haina habari na wewe.
- Akifa, inaingia kwenye mirathi yake. Mjane na watoto wana haki kabla yako.
- Akiachana na mkewe, inaweza kuhesabiwa kwenye mali ya ndoa.
- Mkigombana ukaenda barazani na karatasi inayosema "mimi ndiye mwenyewe ila nimeandika jina lake kwa sababu siruhusiwi," umejishtaki mwenyewe. Mkataba uliotengenezwa kukwepa sheria ni mzigo mbele ya hakimu.

Sisemi ndugu zetu ni wezi. Nasema hata ndugu mwema anakufa, anaugua, anabanwa na madeni. Usimtwishe mtu mzigo wa namna hiyo halafu ukategemea undugu ubaki vile vile.

NJIA ZENYE AFYA

Hadhi maalumu. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi kwa ajili ya watu wenye asili ya Tanzania wenye uraia wa nje. Ni hadhi maalumu, siyo uraia pacha, na haiji yenyewe, unaiomba. Kundi la 2, mlango wenu ni huu. Anza na Uhamiaji au ubalozi, uliza masharti yake yote, kisha uende ofisi ya ardhi ukiwa na karatasi mkononi. Usilipe hata shilingi ya nyumba kwa ahadi kwamba "kadi inakuja".

Ndugu raia anunue iwe yake kweli. Kama lengo ni nyumba isitoke kwenye ukoo, basi ndugu mwenye uraia ainunue kwa haki yake, wewe uchangie kama zawadi au mkopo wa maandishi. Ukija unafikia kama mgeni wa heshima. Tofauti na ile ya juu ni kwamba hapa hakuna anayedanganya, na wewe unajua toka mwanzo kuwa nyumba si yako.

Kupanga. Wengi wanaidharau njia hii, lakini piga hesabu. Kama unakuja mwezi mmoja kwa mwaka, kodi ya nyumba nzuri ya miaka mingi inaweza isifike gharama ya kununua na kukarabati gofu. Mkataba wa pango wa mwaka mmoja mmoja ni jambo jepesi kisheria na unaweza kuuandika ukae nao tena.

Uwekezaji. Mgeni anaweza kupata haki ya ardhi kupitia mamlaka ya uwekezaji. Zamani ilikuwa TIC, mwaka 2025 iliunganishwa na EPZA ikawa TISEZA. Lakini sheria ya uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha mtaji wa mgeni kuwa dola 500,000. Huo si mlango wa mtu mwenye hela za kuunga unga, na nyumba ya kulala likizo si mradi.

Na ujue kitu kimoja: mji wetu umemeza vijiji. Ukitoka katikati kuelekea pembezoni unaweza kukuta eneo bado lina historia ya ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, namba 5 ya mwaka 1999, na dalali hawezi kuigeuza kuwa kiwanja cha mjini kwa mdomo. Uliza Halmashauri ya Mji eneo limepimwa au la, na ramani ya mipango miji inasema nini.

MAKARATASI YA NYUMBA YA ZAMANI

Nyumba mpya ina mwenye nyumba mmoja. Nyumba ya zamani ina ukoo. Kagua haya moja baada ya jingine:

a) Mirathi. Kama jina kwenye hati ni la marehemu, hakuna mtoto anayeweza kuuza kwa sababu tu ni kifungua mimba. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo dai uone Fomu Namba 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, huo ni wa kumpeleka mtu mahakamani akateuliwe. Kisha ongea na warithi wote, hata yule wa Mwanza ambaye "hana shida".

b) Mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muone huyo mwenza uso kwa uso, asaini. Kama wake ni wawili, saini ni mbili.

c) Hati au barua. Kuna hati miliki, kuna barua ya toleo wanayoiita ofa, na kuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Hiyo ya mwisho ni ushahidi kwamba watu waliuziana, siyo hati. Kwenye hati omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati: utajua jina, miaka iliyobaki, na kama kuna rehani au zuio. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inakaribia ukingoni, usiilipe bei ya hati mbichi.

d) Kodi ya pango la ardhi. Nyumba iliyofungwa miaka kumi mara nyingi ina deni la miaka kumi. Dai risiti. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, lakini mita iliyolala muda mrefu nayo inalimbikiza deni, na ukinunua umeme siku ya kwanza ndipo utashangaa hela imeenda wapi.

e) Aliyemo ndani. Mtu aliyekaa kwenye eneo miaka 12 bila kuguswa anaweza kukusumbua sana, maana huo ndio ukomo wa muda wa kudai ardhi mahakamani. Usikubali kuambiwa "huyo ni mlinzi tu, ataondoka". Aondoke kwanza.

f) Ziwa. Kila mtu anataka nyumba inayotazama ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Chukua futi kamba. Na waulize wazee habari ya mafuriko ya 1990, wakuoneshe maji yalifika wapi. Ukuta wa zamani huwa unabaki na alama.

g) Majengo ya maduka ya zamani. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaingia NHC. Kwa hiyo jengo la zamani la barabara kuu katika mji wowote wa Tanzania linaweza kuwa na mpangaji wa miaka 40 anayejiita mwenye nyumba. Mpangaji hauzi.

UKUTA NA PAA

Mtafute fundi ambaye hajui dalali wako ni nani. Mlipe siku yake. Akague hivi:

Mchwa. Agonge miimo ya milango na mbao za paa. Ikilia debe, ndani hakuna kitu.

Nyufa. Ufa mwembamba wa plasta si kesi. Ufa wa mshazari unaopita kona ya dirisha mpaka msingi ni kesi. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi nyumba hupumua, kiangazi inapasuka na masika inavimba.

Matofali. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa tofali za kuchoma na udongo badala ya saruji. Zinadumu kama paa halivuji. Paa likivuja, udongo unayeyuka kimya kimya ndani ya ukuta.

Bati. Panda juu, usitazame toka chini. Kama paa ni la asbesto, usilikate wala kulivunja kienyeji, vumbi lake ni sumu ya mapafu. Gharama ya kulitoa kwa usalama iingie kwenye bei.

Nyaya. Nyumba ya zamani iliyofungiwa umeme kwa bulbu tatu haiwezi kubeba jiko, hita ya maji na friji. Hesabu nyaya zote mpya.

Maji na choo. Uliza BAWASA kama kuna muunganisho na deni. Kama ni kisima, pima maji, maana kanda yetu ya Bonde la Ufa ina madini ya floridi kwenye vyanzo vingi, yale yanayofanya meno kuwa ya kahawia. Choo cha shimo cha zamani ujue kiko wapi kabla hujakanyaga.

HESABU YA MFANO

Hizi si bei za soko, ni mfano wa kugawa tu. Tuseme una milioni 40. Ukiambiwa kuna nyumba ya milioni 38, hiyo si yako, itakufia mkononi. Tafuta ya milioni 24 hivi:

- Bei: 24,000,000
- Ushuru wa stempu asilimia 1: 240,000
- Wakili, mthamini, upekuzi na usajili, tenga: 1,500,000
- Ukarabati: 10,000,000
- Akiba: 4,260,000

Akiba usiiguse kwa vigae. Nyumba ya zamani ina siri moja kila ukuta. Pia kuna kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi. Hiyo ni ya muuzaji, lakini asipoilipa uhamisho hausogei TRA, na anayekwama ni wewe. Iandikwe kwenye mkataba, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili mpaka kodi ilipwe.

Hela ipite benki, kutoka akaunti yako kwenda ya muuzaji au ya wakili. Kama huwezi kuja mwenyewe, tengeneza hati ya uwakili ubalozini na isajiliwe, iseme wazi mwakilishi anaruhusiwa kufanya nini na nini haruhusiwi. Kutuma kwa simu kwa binamu vipande vipande ni kutafuta ugomvi.

KWA WENZETU IKOJE

Wala tusidhani ni sisi tu wagumu. Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 65 inampa asiye raia ardhi kwa kukodishwa tu, isizidi miaka 99. Kwa hiyo Mtanzania anayeota nyumba ya mawe Lamu naye ni mgeni kule. Zanzibar wana sheria zao za ardhi mbali na za bara, na mgeni anapitia zaidi nyumba za ghorofa zinazouzwa vyumba vyumba chini ya sheria yao ya mwaka 2010. Ukitaka jengo la Mji Mkongwe, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, hubadilishi hata dirisha bila ruhusa ya mamlaka ya hifadhi.

Na zile stori za nyumba za euro 1 Italia ni kweli, mji wa Sambuca kule Sicily ulivuma nazo mwaka 2019. Ila unapewa gofu na sharti la kulikarabati ndani ya muda. Bei iko kwenye ukarabati. Nyumba ya zamani ni hivyo hivyo kila mahali, iwe Sicily iwe Nangara.

UKIPATA, UNAIACHAJE MIEZI 11

Nyumba isiyokaliwa inakufa haraka kuliko inayokaliwa na watoto kumi. Weka mtu kwa mkataba wa maandishi unaosema ni mwangalizi, analipwa kiasi gani, na unahuishwa kila mwaka. Afungue madirisha, azibue mifereji ya bati kabla ya masika, atume picha. Lipa pango la ardhi kila mwaka kwa jina la mmiliki na uhifadhi risiti. Jitambulishe kwa balozi na mwenyekiti wa mtaa, nenda msibani ukiwepo. Majirani wakikufahamu, siku tapeli akileta mteja kuonesha nyumba yako utapigiwa simu kabla hajamaliza kufungua geti.

MPANGILIO KWA KIFUPI

1. Jua uraia wako. 2. Pata hadhi au amua kupanga. 3. Upekuzi. 4. Warithi na wenza. 5. Fundi. 6. Wakili na mkataba. 7. TRA na uhamisho. 8. Funguo. Hela kubwa inatoka hatua ya 6, siyo ya 1. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine kutoka Arusha yuko njiani na mzigo wake, mwambie amkaribishe na chai.

Kwa wajomba zangu, nyumba ya babu haijauzwa. Dada anafuatilia makaratasi yake Uhamiaji, na kikao kimekubali kumsubiri mpaka mwisho wa mwaka. Wengine mlio kwenye foleni hiyo hiyo, msione aibu kuuliza ofisini. Ardhi ni ya kuulizia mara saba, kulipa mara moja.